Alilishona Katwe, akalikuta Owino kwenye robota la mitumba

Saa moja kasorobo asubuhi. Katika soko la Owino, jijini Kampala, wembe unapita juu ya kamba ya robota la mitumba, na kabla kamba haijaanguka chini wanawake zaidi ya kumi wameshalivamia. Huyu anatafuta suruali za watoto, yule magauni ya kwendea kanisani. Mbambu, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ameinama chini ya makwapa yao, anavuta mashati ya wanaume na kuyageuza mgongo.

Hajali kola wala vifungo. Anachotazama ni ule mkia wa shati unaochomekwa ndani ya suruali.

"Hapo jua halifikaki," anasema, akiunyoosha kwa vidole. "Shati inaweza kuzeeka mbele yote, lakini hapa rangi inabakiaka mupya."

Chumbani kwake Katwe, mtaa wa mabanda jijini humo, Mbambu hushona mablanketi ya viraka, yale ambayo wenye Kiswahili chao huyaita mifarishi. Vipande zaidi ya mia mbili vya pamba huunganishwa juu, blanketi jembamba huwekwa katikati, shuka hutandazwa chini, kisha vyote hushonwa pamoja kwa mkono. Blanketi moja humla wiki tatu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye ameinama Owino kwa miaka tisa. Shida yake kubwa ni kuipata pamba halisi, maana nguo nyingi siku hizi ni nailoni iliyojipaka uso wa pamba. Kwa hiyo hutembea na kiberiti. Huchomoa uzi mmoja na kuuchoma: ukigeuka jivu, ni pamba, ukigeuka tone gumu, ni nailoni.

Lakini nani awashe kiberiti Owino, soko lililokwisha kuungua zaidi ya mara moja? Siku ya kwanza wachuuzi nusura wampige. Tangu hapo huenda na nyuzi zake hadi ukingoni mwa mfereji wa Nakivubo, akazichoma huko peke yake kama mtu anayevuta sigara kwa kuiba.

Mablanketi yake huyapeleka kwa Jalia, mwenye duka la mapambo ya nyumba huko Bugolobi, mtaa wa wenye nacho. Jalia humpa shilingi laki moja na elfu themanini kwa moja, naye huliuza zaidi ya maradufu, akiwaambia wateja kwamba limetoka nje ya nchi. Mbambu analijua hilo tangu mwanzo.

"Aliniambia, 'Dada, mtu wa Bugolobi akisikia kitu imeshonwa Katwe, anaona bati na moshi tu.' Nikatwaa pesa. Watoto walikuwa nyumbani, hawajakula."

Kati ya yote aliyoyapeleka, liko moja ambalo hakuacha kulijutia. Mwaka 2018 mteja mmoja wa Kizungu wa Jalia, aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, alitaka blanketi lenye nyekundu nyingi, tena kabla ya Ijumaa. Siku ya Jumatano vitambaa vyekundu vikamwishia Mbambu. Na wiki hiyohiyo mwenye nyumba alikuwa ameng'oa mlango wa chumba chao kwa sababu ya kodi, wakawa wanalala na pazia.

Chumbani kulikuwa na kitu chekundu kimoja tu: kitenge cha mama yake, chenye picha ya kuku na vifaranga. Ndicho Mbambu alichombebea mwanawe mgongoni walipokimbia Beni, mashariki mwa Congo. Mama alibaki kule, akafa kule, akazikwa Mbambu akiwa huku. Hakuwa na picha yake wala kaburi la kwenda kulipalilia. Alikuwa na kile kitenge.

"Nilikata vipande tisa," anasema. "Mukasi ulikuwa unalia, na mimi nalia."

Mlango ukarudishwa. Blanketi likapanda ndege.

Basi Jumanne moja ya mwezi Juni mwaka huu, mchuuzi aitwaye Odur alifungua robota la mashuka na mapazia. Mbambu akatia mkono kama kawaida yake, akavuta, na macho yakamtoka pima. Kuku na vifaranga walikuwa wakimtazama.

Anasema alidhani amekufa pale Owino, na kwamba huko waendako wafu mtu huonyeshwa kwanza alichokiuza. Mtu akimsikia anaweza kucheka, lakini yeye hacheki anaposimulia.

Alimwambia Odur kwamba blanketi lile ni lake. Odur akaangua kicheko.

"Nyabo, yako namna gani? Hii imetoka Bulaya juzi. Wewe angalia kazi! Mtu ya hapa anaweza kushona hivi?"

Hakuna aliyewahi kuisifu kazi ya Mbambu kiasi hicho, na hakuna sifa iliyowahi kumchoma namna ile. Odur akataja bei: elfu themanini. Mbambu alikuwa na elfu thelathini na tano, fedha za vitambaa vya wiki nzima. Na upande wa pili mama mmoja aliyevaa gomesi, lile vazi la Kiganda, alikuwa ameshaishika pembe nyingine, pochi iko wazi.

Atathibitishaje? Blanketi halikuwa na jina. Jalia hakutaka majina, naye Mbambu hakuwahi kudai.

"Pasua hii pembe," akamwambia Odur. "Ndani utakuta blanketi ya kijivu, na mustari ya bluu. Ile ya wakimbizi. Walitupatia siku tulivuka mupaka. Nilikosa ya kuweka katikati, nikaweka ile."

Odur alitaka kukataa, lakini watu walikuwa wamejaa na kila mmoja alitaka kuona. Akachukua uleule wembe wa kufungulia marobota, akafumua nyuzi chache pembeni, akaingiza vidole viwili, akavuta. Ukatoka ukingo wa kijivu, na juu yake mstari wa bluu.

"Banange!" mama wa gomesi akapiga ukelele, na pembe ikamtoka mkononi.

Odur mwenyewe hajapona mpaka leo. "Mimi nauza nguo miaka kumi na mbili," anasema. "Nimekuta pesa ndani ya mfuko, nimekuta mpaka meno ya mzee. Lakini mtu kukuta kazi ya mkono yake imerudi? Ile siku mimi sikukula."

Lakini robota alikuwa amelinunua kwa fedha zake, kwa hiyo hakulitoa bure: alichukua elfu ishirini, akamwachia Mbambu kumi na tano za vitambaa.

Nyumbani Katwe, Mbambu alilitandaza kitandani na mshtuko ukaanza upya. Upande wa chini wa blanketi kulikuwa na karatasi ya bei iliyobanwa kwa pini, ya duka la vitu vilivyotumika huko ng'ambo: nne, kwa fedha zao. Kwa shilingi za Uganda haifiki hata elfu ishirini. Kisha akaona manyoya. Mafupi, ya kahawia, yamezama kwenye kila mshono.

"Mbwa!" anasema, na hata sasa sauti inampanda. "Mama yangu walimulalishia mbwa!"

Namna blanketi lilivyotoka kwa mwenyewe, likafika kwa mbwa, kisha dukani, kisha kwenye robota la kwenda Kampala, hakuna ajuaye. Mbambu amelifua mara nne. Vipande vinane vya kitenge vimerudi vizima. Cha tisa kimetafunwa, kimebaki uzi uzi na mguu mmoja wa kuku.

Habari zilimfikia Jalia, naye akaja Katwe na gari lake kujionea. Alilipapasa, akaligeuza, akaisoma ile karatasi ya bei. Mbambu alitarajia pole. Badala yake akatajiwa bei.

"Dada, sasa hii imetoka Ulaya kweli," Jalia alisema. "Tunaweza kusema bila kudanganya mtu. Nakupa laki tano leo leo."

Laki tano ni kodi ya miezi mitatu. Mbambu hakuomba muda wa kufikiri. Alilikunja blanketi, akalikalia.

"Mara ya kwanza nilisema ni shida," anasema. "Mara ya pili nitasema nini?"

Jalia aliondoka amenuna, na tangu siku hiyo hajaagiza hata moja. Mbambu hafichi kwamba anaogopa. Ameulizia meza ya kupanga katika soko la Wandegeya, karibu na chuo kikuu, na anatumaini kuanza kuuza mwenyewe kabla mwaka haujaisha, kwa wanafunzi na kwa yeyote apitaye.

Blanketi la kwanza la meza hiyo limekaribia kwisha. Kwenye pembe yake ameshona kwa uzi mwekundu: Mbambu, Katwe, Kampala. Chini ya jina ameweka namba yake ya simu.

"Muzungu, Muganda, yeyote, anunue," anasema, akikata uzi kwa meno. "Lakini siku ataichoka, asiitupie mbwa. Apige simu. Nitakuja mwenyewe kuitwaa."