Nilivyomsomea Mume Wangu Geji za Gari

Mume wangu alirudi kutoka vitani jicho moja limefumba kabisa, na la pili likiwa wazi lakini halimwonyeshi kitu ila mwanga. Alikuwa dereva wa malori ya jeshi huko Bama, mbali ng'ambo ya bahari, walikopigana na Wajapani. Lori lililotangulia lilikanyaga bomu, na kioo cha lori lake kikamwingia usoni. Kabla ya kuchukuliwa na jeshi alikuwa fundi katika gereji moja ya Changamwe, na siku zile nilizoea kumpokea jioni mikono imejaa oili, ananuka petroli, anasimulia visa vya mchana kutwa. Aliyenirudia hakuwa na visa. Aliketi kwenye baraza ya nyumba yetu ya Junda, akasikiliza nyayo za wapitao.

Tulikuwa watatu nyumbani, yeye na mimi na mama yake. Watoto Mungu hakuwa ametujaalia. Daktari wa jeshi alimwambia kuwa jicho lile, maadamu linatambua mwanga na giza, huenda likarudi polepole, na huenda lisirudi. Mume wangu alilishika neno la kwanza, la pili akaliacha hukohuko hospitali. Kila siku akimaliza kuswali alfajiri alikwenda mlangoni, akauelekeza uso kunakotoka jua, akangoja. Halafu aliingia ndani na kusema, "Leo mwanga nimeuona vizuri, mama." Mama mkwe wangu alisema, "Alhamdulillahi, mwanangu," na siku hiyo hata uji ulikuwa mtamu.

Alikwenda Changamwe kuomba kazi yake. Nilimpeleka mimi, nimemshika mkono, tukavuka daraja, tukapita kisiwani kwenye mji, tukatokea ng'ambo ya pili. Wenziwe walimkumbatia, wakampa kiti na kikombe cha chai, wakamuuliza habari za Bama. Hakuna aliyempa spana. Tulikaa mpaka chai ikaisha, kisha akasema, "Twende zetu."

Ndipo alipokuja rafiki yake wa Utange. Hawa walisoma chuo kimoja cha Kurani walipokuwa wadogo, na yule bwana sasa alikuwa akifanya biashara ya mbata, nazi zilizokaushwa. Alikuwa na gari jeusi, la zamani hata kwa wakati ule, lenye boneti ndefu na taa mbili kubwa za mbele zilizotokeza kama macho ya chura. Muda wote wa vita, petroli ilipokuwa haipatikani, gari lile lililala chini ya banda la makuti. Panya walizaa ndani ya viti. Sasa fundi mmoja wa kisiwani alikuwa ameiamsha injini, lakini geji za kwenye dashibodi zote zilikuwa zimekufa.

"Petroli inaniishia njiani sina habari," alisema yule bwana pale barazani. "Juzi maji yamechemka mpaka moshi ukanitokea mbele. Wallahi naendesha kama kipofu."

Kisha akajishika mdomo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisikia yote.

"Basi umemletea kipofu mwenzio," akasema mume wangu.

Walicheka wote wawili, na mama mkwe naye akacheka jikoni. Tangu arudi sikuwa nimemsikia akifanya mzaha. Gari likaachwa uani kwetu, ndani ya ua wa makuti.

"Na nani atakuonea?" mama yake alimuuliza.

"Mke wangu."

Nilikuwa nakuna nazi. Aliponiita niliitika, "Abee," nikaenda nikipangusa mikono kwenye leso. Akaniambia nipande, nikae mbele ya usukani. Sikuwahi kukaa mahali pale maishani mwangu. Kilikuwa kiti kipana cha ngozi, kimepasuka, kinatoa harufu ya panya na ya vumbi. Mbele yangu palikuwa na geji nne za mviringo, kila moja na mshale wake mwembamba, na mishale yote imelala.

Mimi nilisoma Kurani nikahitimu, na Kiswahili cha herufi za Kiarabu nilikisoma bila taabu, lakini herufi za Kizungu sikuzijua. Mume wangu akakishika kiganja changu, akachora kwa kidole. "Hii yenye meno matatu ni tangi tupu. Hii yenye meno mawili ni tangi limejaa. Hiyo ndiyo geji ya petroli." Akanifundisha na nyingine hivyohivyo: ya oili, ya joto la maji, na ya betri, ambayo mshale wake hukaa katikati, ukaenda kulia umeme ukiingia na kushoto umeme ukitoka. Aliendelea kukishika kiganja changu hata baada ya kumaliza kufundisha. Nilikuwa nimemsahau mume wangu yule, yule wa kabla ya vita.

Tulianza na petroli. Alijilaza juu ya jamvi nyuma ya gari, akapapasa mpaka akaupata waya unaotoka kwenye tangi, akaufungua.

"Fungua swichi. Unaona nini?"

"Mshale umelala kwenye meno matatu."

Akaugusisha ule waya kwenye chuma cha gari. "Na sasa?"

"Umeruka! Umekwenda mpaka meno mawili!"

"Basi geji ni nzima, na waya mzima. Ugonjwa uko ndani ya tangi."

Akalitoa boya lililokuwa likielea ndani ya petroli, akalitikisa karibu na sikio, akaniletea nisikilize. Lilikuwa limetoboka, limejaa petroli, na badala ya kuelea lilizama. Tulichonga jingine kwa kizibo, mimi nikikata yeye akipima kwa vidole, akalipaka vanishi na kulirudisha. Geji ya oili nayo ilikuwa imezibwa tu kwenye mrija wake wa shaba. Aliufungua, akauzibua kwa waya mwembamba, akaupuliza kwa mdomo mpaka akatema uchafu mweusi. Tulipowasha injini mshale ukainuka, nikapiga vigelegele pale kitini. Mama mkwe akatoka mbio kuja kuuliza kumezaliwa nani.

Kwa betri tulikawia. Yule fundi wa kisiwani alikuwa ameiruka geji ile kwa kipande cha waya, ikawa haipati umeme hata kidogo. Mume wangu alishinda akifuata nyaya kwa ncha za vidole, moja baada ya moja, akizifunga upya pale panya walipoguguna. Alipokuwa tayari alasiri ilikuwa imekwisha na uani kumeanza kuingia kiza cha magharibi.

"Injini iache imezimwa," alisema. "Utawasha taa kubwa, na mshale ukienda kushoto, kazi imekwisha. Mimi nitakaa mbele. Mwanga nitauona mwenyewe. Wewe nitazamie mshale tu."

Akazunguka akishika boneti, akachutama mbele ya taa, uso wake karibu kabisa na kioo. Alikuwa anatabasamu. Nilimwona kupitia kioo cha mbele.

"Washa."

Nikawasha. Mwanga ukamjaa usoni, nikaona makovu yake yote, nikaona na ndevu chache alizozikosa kwa wembe asubuhi. Mshale ukasogea kushoto.

"Washa basi," akasema.

Nikaitazama swichi, ilikuwa chini ya kidole changu.

"Mke wangu! Washa."

"Nimewasha, mume wangu."

"Hazijawaka. Mshale uko wapi?"

"Umekwenda kushoto."

Ningeweza kusema taa zimeungua, na lile neno lilinijia mpaka kwenye ulimi, lakini alikuwa tayari ameinua mkono na kuuweka juu ya kioo cha taa, na kioo kilikuwa kinapata moto.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Zima." Nikazima. "Washa." Nikawasha. Akazima tena na kuwasha kwa mdomo wake, na mimi kwa mkono wangu, na kila mara aliuinua uso, akakodoa lile jicho, akaligeuza huku na huku kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Mwishowe akasema, "Geji ni nzima," akasimama.

Alikuja akakaa kando yangu garini. Nilizima taa. Katika kiza kile hatukuonana, mimi wala yeye.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Sijui." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nikisimama mlangoni nahisi joto la jua usoni, nasema nimeliona. Wallahi sikuwa nadanganya. Nilidhani naliona."

Nikalia. Yeye hakulia. Alinishika kichwa akakiweka begani kwake, akaniambia nisimwambie mama yake neno lolote, atasema mwenyewe gari likishaondoka. Msikitini wakaadhini magharibi, na mama mkwe akatuita kutoka ndani, akiuliza kama hatusikii.

Asubuhi yake hakwenda mlangoni. Tulikuwa tumebakisha geji ya joto. Ile haikuhitaji waya. Ilikuwa na mrija mwembamba wenye kifuko cha shaba mwishoni, na kifuko hicho ndicho hukaa ndani ya maji ya injini. Alikitoa, akaomba maji yanayochemka. Mama yake aliyaleta mwenyewe kwenye birika, amefurahi, maana mwanawe alikuwa na kazi na watu wa mtaani walikwisha pata habari.

"Mbona leo hukuniambia?" akamuuliza. "Mwanga umeuona?"

"Joto lake nimelipata, mama."

"Alhamdulillahi."

Mume wangu akakitumbukiza kile kifuko ndani ya birika. "Unaona nini?" akaniuliza.

Mshale ulikuwa unapanda, lakini machozi yalinizuia kuuona vizuri. Mama mkwe alinitazama, na nikamwambia ni mvuke wa birika umenipata machoni. Geji ile haikuwa mbovu. Ni uchafu tu ndani ya injini uliokizingira kifuko. Alipousafisha na kukirudisha kifuko mahali pake, kazi ikawa imekwisha.

Rafiki yake alipokuja kulichukua gari alitupandisha sote wawili kulijaribu. Mume wangu alikaa mbele pamoja naye, mimi nyuma na buibui langu, nimeinama katikati yao ili nione dashibodi. Tulikwenda mpaka Utange kwa njia ya mchanga, gari likiyumba, na mume wangu akiuliza kila tulipopanda kilima mshale uko wapi, nami nikimjibu. Yule bwana alikuwa akisifu mpaka akachoka. Alisema atawaambia wenye magari wote anaowajua. Mume wangu alimshukuru. Kisha, tukiwa njiani kurudi, akamwuliza, kwa utaratibu kabisa, kama jua limekwisha tua au bado, na rafiki yake akajibu bado, liko usoni mwetu hasa. Kutoka hapo yule bwana aliendesha polepole mpaka Junda.

Usiku wake hatukungoja kuche. Baada ya chakula mume wangu alimwita mama yake akae karibu naye mkekani, akamwambia, "Mama, lile jicho limekwisha. Sioni mwanga."

"Utauona kesho," akasema mama yake.

"Mama."

"Kesho, inshallah."

Hakulia, wala hakumwacha aendelee. Aliinuka akaosha vyombo nilivyokwisha viosha mimi. Alfajiri ya pili yake alimshika mwanawe mkono, akampeleka mlangoni, akauelekeza uso wake mashariki, akamsomea dua na kumpulizia juu ya lile jicho. Na mume wangu, mtu mzima aliyekwenda vitani, alisimama akapuliziwa. Ikawa hivyo kila siku. Hakumuuliza tena kama ameona.

Yule bwana wa Utange alitimiza ahadi. Magari yalikuja, si mengi, lakini yalikuja. Taksi, lori la nazi, hata gari la daktari mmoja. Tulifanya kazi pamoja pale uani, na nilijifunza kuujua ugonjwa kabla hajaniuliza. Nitasema kweli, zile zilikuwa siku njema kuliko tulizotazamia. Ila alikuwa amekonda. Moshi wa lile bomu, au baridi ya misitu ya Bama, sijui, ulikuwa umeingia kifuani, na kila masika kikohozi kilizidi. Masika ya mwisho hakuweza kuinuka kutoka kitandani. Alifariki mchana, mvua inanyesha, mama yake amekwenda kisimani, na mimi nimemshika.

Walipomaliza kumwosha na kumkafini, mama mkwe alinijia chumbani nilimokalishwa eda ya kufiwa. Alikuwa amelowa mabegani, hata leso hakubadili. Aliketi sakafuni, akaniuliza kitu kimoja tu, kama macho ya mwanawe yalifumbwa vizuri.

"Lile jicho nimelifumba mimi mwenyewe, mama," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akasogea, tukakaa pamoja.