Mstari wa Mafuta Uliokuwa Ukipanda

Siku niliyoanza kazi katika kiwanda cha sabuni kule Temeke, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilipangiwa chumba kimoja na Afisa Mipango, bwana mpole mwenye miwani mizito, ambaye hakuniuliza nimesoma wapi wala nimeletwa na nani. Alinipa karatasi za grafu, penseli na kikokotoo cha mkononi, akaniambia mimi ndiye karani wa takwimu. Kila asubuhi nipite idara zote nikachukue taarifa za zamu: sabuni iliyopikwa, iliyoharibika, muda ambao mashine zilisimama, mafuta yaliyochomwa. Mchana nizigeuze ziwe ripoti.

Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa nene, na niliionea fahari. Afisa Mipango aliipima uzito kwa mkono, kisha akasema, "Bi Zuhura, Meneja Mkuu ana haraka kila siku. Atasoma ukurasa wa kwanza tu. Kila anachopaswa kukijua kiweke hapo."

Kazi yangu yote ya miaka iliyofuata ilitoka katika maneno hayo.

Milango ya biashara ilipofunguliwa, sabuni za nje zikajaa Buguruni na Kariakoo, tena zenye harufu nzuri na makaratasi ya kung'aa. Kiwanda chetu kilichozoea kuuza bila kubembeleza mtu kikalazimika kujijua. Ndipo ikaja kompyuta, moja kwa kiwanda kizima, ikawekwa chumbani kwetu kwa kuwa mlango wake ulikuwa na komeo la kuaminika. Nilipelekwa mjini kwenye kozi fupi ya lahajedwali, ambalo sie tulizoea kuliita spredishiti: jedwali kubwa ndani ya kioo, limegawanywa vyumba vidogo viitwavyo seli. Seli moja unaandika namba, nyingine unaandika fomula, yaani agizo la hesabu, na ukibadilisha namba huku, jibu kule linabadilika lenyewe. Siku ya kwanza nilikaa naibadilisha namba ileile mara nyingi, kwa raha tu.

Kile ambacho nyie vijana mnakiita dashibodi, sisi tulikiita ukurasa wa meneja. Juu kulikuwa na uzalishaji wa wiki ukilinganishwa na lengo, chini yake sabuni iliyoharibika, kisha muda wa mashine kusimama, na mwisho michoro ya mistari. Kioo chetu kilikuwa na rangi moja ya kijani kibichi na printa ilijua nyeusi tu, kwa hiyo rangi nilipaka mwenyewe kwa penseli: kijani kwa waliofikia lengo, njano kwa waliokaribia, nyekundu kwa waliobaki nyuma. Kila idara ilipata kadi yake ya alama, ikabandikwa mlangoni. Wapishi wa sabuni walisimama kuisoma kabla ya kuvaa magwanda, na wenye nyekundu walinuna mpaka saa ya chai.

Mgao wa umeme ulitufundisha adabu. Ukikatika kabla hujahifadhi kazi kwenye flopi, diski yetu ya wakati ule, asubuhi yako yote imepotea. Nilikuwa nahifadhi kila nikivuta pumzi.

Mambo yaliendelea hivyo hadi serikali ilipotangaza kwamba kiwanda kitauzwa. Meneja Mkuu, mtu wa bara, mrefu, asiyependa maneno mengi, alituita akasema wanunuzi watatutembelea na watataka kuona ukurasa wetu. Hakuniomba nidanganye, na hilo nataka lieleweke. Aliomba idara ziongeze bidii ili ukurasa uwe wa kijani. Na kweli uzalishaji ukapanda.

Lakini mstari mmoja ulinikera. Nilikuwa na fomula iliyogawa mafuta ya boila kwa tani za sabuni. Boila ni lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke, na mvuke ndio uliopika sabuni yetu. Sabuni ikiongezeka, mafuta huongezeka pia, lakini kiasi kinachokwenda kwa tani moja hakikupaswa kubadilika sana. Chetu kilikuwa kinapanda kila wiki, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi bila kutaka kusikika.

Nilidhani nimekosea fomula. Nikarudia hesabu zote kwa kikokotoo, zikatoka vilevile. Hapo nikaogopa, maana wakati ule mafuta kupungua kiwandani kulikuwa na sababu moja tu kichwani mwa kila mtu: yanaibwa. Na mwendesha boila wa zamu ya mchana alikuwa Idi, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa akikaa kwetu.

Jumapili hiyo tulikula pamoja naye. Nilimtazama akimmenyea mwanangu chungwa, nikashindwa kumuuliza. Ningemuuliza nini? Kama ni mwizi, angekana. Kama si mwizi, nisingeweza tena kukaa naye meza moja. Usiku mume wangu aliniuliza kuna nini. Nilipomweleza chumbani, aliniambia nipeleke karatasi kwa anayehusika, na litakalokuja tutalipokea.

Jumatatu nilimpelekea Mhandisi Mkuu. Nilimwamkia, nikamwekea mchoro mezani, nikamwambia sijui maana yake. Aliufuata kwa kidole, kisha akaniuliza mstari ulianza kupanda lini. Nilimwonyesha. Alikunja uso.

"Hapa ndipo bomba la mji lilipokauka tukahamia maji ya kisima," alisema. "Maji ya chumvi."

Akanieleza kwamba maji ya chumvi huacha gamba gumu ndani ya boila. Gamba likiwa nene, moto hauyafikii maji vizuri, kwa hiyo unachoma mafuta mengi kupata mvuke uleule. Na chuma kisichopozwa na maji hulainika, huvimba, mwishowe hupasuka. Sikuuliza ikipasuka inakuwaje. Nilikuwa namfikiria Idi, ambaye kiti chake kilikuwa mbele ya mlango wa moto.

Tulikwenda pamoja kwa Meneja Mkuu. Wanunuzi walikuwa wanakuja wiki ileile. Alisikiliza hadi mwisho.

"Unaniomba nizime kiwanda kwa sababu ya mstari wa Bi Zuhura?"

"Kwa sababu ya watu wanaofanya kazi karibu na boila, mzee," Mhandisi Mkuu alijibu. "Mstari umetuambia tu."

Meneja Mkuu aligeukia dirishani. Kisha akanyanyua simu, akaagiza boila izimwe.

Ilipoa polepole, na nikaishi siku hizo kwa mashaka, maana kama wasingekuta kitu, tungerudi kwenye neno wizi. Walipoifungua, Mhandisi Mkuu aliagiza niitwe. Ndani, mabomba yalivaa gamba jeupe, nene kama kifuu cha nazi. Bomba moja lilikuwa limevimba, limetoa tumbo. Idi aliingiza mkono akaligusa, akatoka nje, akaketi sakafuni. Nikaketi karibu naye na gauni langu la kazini.

"Shemeji," aliniambia, "leo asubuhi nilitaka kumwomba mhandisi aiwashe. Nilichoka kukaa bure."

Nililia, na sikujali nani ananiona.

Wanunuzi walikuta kiwanda kimya. Meneja Mkuu aliwapa ukurasa kama ulivyo, akawaeleza kwa nini. Mmoja wao aliomba kuonana na aliyeuchora. Kiwanda kilinunuliwa, boila ikafungwa mabomba mapya na chombo cha kulainisha maji, nami nikabaki kazini miaka kadhaa, kabla ya kuhamia kampuni ya usambazaji Kinondoni, ambako nilimalizia utumishi wangu nikiwa mkuu wa takwimu.

Sasa nimestaafu, nakaa Madale, na wajukuu wa Idi huja kunisalimu. Vijana wa kazi yetu nao huja na kompyuta zao nyembamba, wananionyesha dashibodi zinazojibadilisha zenyewe, rangi tele. Huwa nafurahi. Wakiniuliza ukurasa upi ulikuwa bora kuliko yote niliyotengeneza, nawaambia ni wa wiki ile boila ilipozimwa. Uzalishaji hakuna, lengo halikufikiwa, penseli nyekundu kutoka juu hadi chini, na kila mtu alirudi nyumbani kwake mzima.