Kwa Tanga Hadi Mafia kwa Ajili ya Nguva

Niliondoka kwa sababu ya mdomo wangu. Kikundi chetu cha kulinda nguva, cha pale Kibiti, kilinituma Mbwera kuwaomba wavuvi watoe majarife, zile nyavu za matundu makubwa, kwenye nyasi za bahari anazokula nguva. Akinaswa hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, anakufa. Nimeshamwona mmoja hivyo na sitaki kuona wa pili. Mwenyekiti wa wavuvi, Mzee Mbwana, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, wewe mtu wa wapi?"

"Mtawanya."

"Mtawanya kuna mihogo. Bahari umeijulia wapi?"

Nikasema mjomba wangu alinifundisha ngalawa, na hata Mafia naweza kufika peke yangu. Baraza zima likacheka.

"Haya," akasema. "Nenda kwa tanga, urudi, peke yako. Ukiweza, majarife tunayatoa. Ukipakia mtu, nguva usitutajie tena."

Asubuhi ya kuondoka, Mbwera. Nilikuta ngalawa ya mjomba imejaa. Huku delta, mto unapoingia baharini, chombo hakiendi kitupu wakati watu wana ndugu ng'ambo: mchele wa shangazi, mikeka ya harusi, na jogoo mmoja asiyetaka kusafiri. Nikamuuliza mwenyekiti kama jogoo anavunja sharti.

"Mtu ni mtu, mzigo ni mzigo," akatangaza mbele ya wote. "Mzigo ruhusa."

Mlango wa mto. Maji ya kahawia yakaisha, yakaanza ya bahari, na mimi nikaanza kutapika. Jogoo alinitazama muda wote. Baada ya hapo upepo ulikuwa mzuri na mikono iliuma, sina la zaidi la kusimulia.

Kilindoni, Mafia. Wenye mizigo walikuwa wananisubiri ufukweni. Simu ilifika kabla yangu. Walinipa wali na pweza, wakanilaza, na kesho yake nikakuta ngalawa imejaa upya: nazi, samaki wakavu, na juu ya gunia la nazi amekaa mama mmoja mwenye kanga mbili na kikapu.

"Shikamoo, mama. Hapo umekaa?"

"Marahaba. Nimeshakaa. Binti yangu anajifungua Mbwera, uchungu umeanza, na boti ya injini imeharibika. Twende."

Nikamweleza sharti, nguva, majarife, yote. Alisikiliza vizuri.

"Pole, mwanangu," akasema. "Sasa sukuma."

Jamani, ningefanya nini? Nikasukuma. Roho iliniuma nusura nilie.

Katikati ya bahari. Mama huyo, Bi Mwanahawa, alizungumza bila kupumzika: ndoa yake, ndoa za jirani, bei ya sukari. Halafu akataja kwamba mkwewe ndiye mwenyekiti wa wavuvi wa Mbwera. Nikamwambia nimekwisha. Akasema sijaisha, nikaze kamba.

Kwenye nyasi za bahari, karibu na Mbwera, maji yalifunguka kando ya ngalawa. Nguva alitoa pua, akapumua, na mtoto wake akapumua ubavuni pake. Bi Mwanahawa akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Kilindoni.

"Ala! Kumbe anapumua kama mtu," akasema baadaye, polepole. "Na mtoto anamnyonyesha?"

"Anamnyonyesha."

Akageuka kuwatazama mpaka wakazama tena.

Mbwera. Ufukwe ulijaa. Mzee Mbwana alikuwa mbele, uso wa mtu aliyeshinda, mpaka akaona aliyekaa juu ya nazi. Huku kwetu mtu hamkazii macho mama mkwe, sembuse kumbishia. Akainamisha kichwa, akaanza kusemesha mchanga.

"Karibu, mama. Binti yako kajifungua salama, wa kike. Sasa... huyu kijana kaja na nani?"

"Kaja peke yake," akasema Bi Mwanahawa. "Mimi mzigo. Nipokeeni."

Nyuma mtu alianza kucheka, akakohoa. Mzee Mbwana akanigeukia.

"Mizigo yote imefika?" akaniuliza.

"Yote, mzee."

"Basi kaja peke yake."

Kesho yake majarife yalitolewa. Mzee Mbwana mwenyewe alivuta la kwanza.

Kibiti, nyumbani. Wenzangu wameniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba nguva anaweza kuokolewa na mama mkwe. Semina zote nilizohudhuria, hakuna aliyelisema hilo.