Gusa Bati, Bwana Mkaguzi

Bi Sitara binti Awadhi alikuwa na nyumba yake mwenyewe Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Aliijenga marehemu baba yake, fundi chokaa, na Bi Sitara, wakati huo msichana, ndiye aliyekanyaga udongo wa kukandika kuta. Umeme ulikuja baadaye. Siku taa ya ukumbini ilipowashwa mara ya kwanza, mtaa ulijazana barazani, na mzee Awadhi akawasha akazima, akawasha akazima, mpaka mkewe akamfokea.

Ilikuwa imepita miaka ishirini. Mzee alifariki, mama akamfuata, Bi Sitara akaolewa, akaachika, akarudi kwao, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kuzitazama zile waya. Taa zinawaka, sasa uzitazame za nini?

Balaa lilikuja na masika ya mwaka 1955. Chumba cha uani alipanga Klara, mshonaji, mtoto wa Masasi, mwembamba, mpole, aliyesoma kwa masista mpaka darasa la sita. Alimwita Bi Sitara mama, na Bi Sitara, ambaye hakujaliwa mtoto, hakumkatalia. Asubuhi moja, mvua imekatika muda si mrefu, Klara alitoka na beseni la mashuka. Waya wa kuanikia nguo ulifungwa kwenye nguzo upande mmoja, na upande wa pili kwenye ukingo wa bati la jiko. Aliushika ili auvute chini. Haukumwachia.

Bi Sitara alikuwa jikoni akichambua mchele. Alisikia sauti kama ya mtu anayekabwa. Alipotoka alimkuta Klara amesimama kwa ncha za vidole, mkono uko juu, macho yamemtoka, mwili mzima unatetemeka. Alimkumbatia kiunoni amvute, na yeye akarushwa, akaanguka chali kwenye matope. Hapo akili ikamjia. Alikamata mchi wa kutwangia akamtandika Klara mkononi, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa nguvu zake zote, mpaka vidole vikaachia.

Klara hakufa. Lakini kiganja cha kulia kiliungua mpaka ndani, na hospitali walimwambia waziwazi kwamba kidole cha shahada na cha kati havitakunjuka tena sawasawa. Mshonaji huyo.

Majirani walikuja kutoa pole, na kila aliyekuja alikuwa na lake. Mmoja akasema uani pana jini, pafukizwe ubani.

"Jini gani huyo anayesubiri bati lilowe?" Bi Sitara alimjibu. "Huo ni umeme. Na umeme una wenyewe, na wenyewe wana ofisi."

Kesho yake alijitanda kanga akaenda ofisi ya ukaguzi wa umeme. Karani alimuuliza kama nyumba ina mwanamume. Akamwambia mwenye nyumba ndiye huyo aliyesimama mbele yake. Karani akaandika, akamwambia arudi nyumbani asubiri. Alisubiri siku kumi na mbili. Siku zote hizo hakuna mtu aliyeanika nguo uani, na kila mvua ilipoanza kunyesha alisimama mlangoni akiwazuia wapangaji kupita karibu na jiko.

Siku ya kumi na tatu gari lilisimama nje. Alishuka mkaguzi, Mzungu mnene mwenye kaptura nyeupe, na nyuma yake mtu wa makamo aliyebeba mfuko wa ngozi wa vifaa. Huyo alikuwa Pantaleo, msaidizi wake.

"Shikamoo, Bibi," Pantaleo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Hatari yenyewe iko uani, piteni."

Mkaguzi hakupita. Alisimama ukumbini, akawasha taa, akazima. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akachungulia, akafunga. Kutoka uani ulikuja moshi wa kuni na harufu ya dagaa. Alikunja pua, akatoa saa mfukoni akaitazama.

"Mimi nakwisha angalia," alisema. "Hii nyumba mzuri. Hapana shida."

"Bwana, hujafika kwenye bati! Mtoto wangu ameungua mkono, njoo umwone!"

"Hapana shida, mama. Karatasi takuja."

Bi Sitara alimtazama yule msaidizi. Pantaleo alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, shingo ameinua, macho yake yakilifuata bomba la chuma lililobeba waya kutoka ukutani mpaka juu ya jiko, mahali lilipokuwa limelalia bati. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno. Halafu akaufunga, akabeba mfuko, akatoka.

Karatasi ilikuja baada ya wiki. Ilikuwa ya Kiingereza, ina mhuri na sahihi ndefu. Klara aliisoma taratibu, mkono umefungwa bendeji.

"Inasema vyumba vyote, ukumbi, jiko na ua vimekaguliwa na kupimwa. Inasema nyumba ni salama kwa kukaa watu."

"Soma tena hapo pa jiko na ua."

Klara akasoma tena. Bi Sitara alihisi damu inampanda kichwani mpaka masikio yakavuma. Angeandika sijafika, ningemsamehe, aliwaza. Angeandika sijui. Lakini ameandika amepima! Mtu mzima, amelala usingizi wake vizuri, ameamka, amechukua kalamu akaandika uongo juu ya roho za watu kumi na mmoja wa nyumba hii.

Jumapili hiyo, baada ya misa, Pantaleo alipiga hodi. Amevaa suruali yake ya kanisani, na kwapani ana kifurushi cha gazeti.

"Nimekuja kuonyesha nilichokiona, Bibi."

"Ulikiona siku ile?"

"Nilikiona."

"Ukanyamaza!" Bi Sitara aliinuka mkekani. "Umemwona mtoto yule na bendeji yake, umeliona bati, ukabeba mfuko ukaondoka kama punda! Nani alikushona mdomo?"

Pantaleo hakujitetea. Alisema ana miaka kumi na moja katika kazi hiyo, anajua kupima kuliko huyo bwana wake, lakini hana ruhusa ya kuandika hata neno moja kwenye karatasi zile. Mwaka juzi alisema neno mbele ya mwenye nyumba mmoja, akashushwa cheo. Ana watoto wanne.

"Na wa kwangu je?" Bi Sitara aliuliza. Pantaleo akatoka uani, akakifungua kifurushi.

Ndani mlikuwa na globu iliyofungwa nyaya mbili. Alichomeka msumari mrefu kwenye udongo uliolowa, akauunga waya mmoja hapo. Wa pili akaugusisha kwenye bati, kwa uangalifu, ameshika penye mpira. Globu ikawaka. Mchana kweupe, jua liko kichwani, globu iliwaka juu ya kiganja cha mtu, na hakuna swichi wala soketi karibu. Wapangaji waliokuwa uani wakarudi nyuma hatua tatu.

"Mpira wa waya umeoza humo ndani ya bomba," Pantaleo alieleza. "Waya unagusa chuma, chuma kinagusa bati. Ungekuwepo waya wa ardhini mzima, wa kuupeleka umeme udongoni, fyuzi ingekatika zamani. Haupo, au umekatwa."

Alichomoa fyuzi ya jikoni akamkabidhi Bi Sitara, akamsihi asiirudishe. Bi Sitara alikaa akiigeuzageuza mkononi. Kisha akauliza kama ofisi hufunguliwa saa mbili.

Bi Sitara alikuwa mama mkubwa wa chama cha ngoma, na wanawake wa chama kile walizoea kuitika anapoita. Jumatatu saa mbili kamili wanawake ishirini na sita, wamevaa kanga za sare, walivuka viwanja vya Mnazi Mmoja wakaenda kuketi kwenye ngazi za ofisi ya ukaguzi. Hawakuimba wala hawakutukana. Walikaa tu, wamebanana, hata mtu wa kupita alilazimika kuomba njia. Karani alitoka akawaambia waondoke. Bi Sitara akamwambia ataondoka na mkaguzi. Saa tatu, saa nne. Watu wakaanza kusimama barabarani kutazama. Saa nne na nusu mkaguzi alitoka, uso mwekundu, akamwita Pantaleo alete mfuko, akaingia garini.

Wanawake walirudi kwa miguu, na walipofika wakamkuta ukumbini, mahali palepale aliposimama mara ya kwanza. Safari hii walikuwa wengi nyuma yake, na hakuwa na njia ila kwenda mbele. Akafika uani.

Bi Sitara aliirudisha ile fyuzi ya jikoni mwenyewe, akatoka uani. Kisha akaifungua ile karatasi yenye mhuri akaishika mbele ya macho ya mkaguzi.

"Hii umeandika wewe?"

"Mimi naandika."

"Jiko na ua umepima?"

Mkaguzi alishika mkanda wa kaptura yake.

"Umeandika ni salama. Basi gusa bati, Bwana Mkaguzi. Mkono mmoja tu. Ukigusa, tutakuomba radhi sote, tutakusindikiza mpaka kwenye gari."

Mvua ya asubuhi ilikuwa bado inadondoka ukingoni, tone moja moja. Mkaguzi alilitazama bati. Mkono wake wa kulia uliondoka kwenye mkanda ukaingia mfukoni, ukabaki humo. Kisha akamgeukia msaidizi wake.

"Pantaleo. Wewe shika."

Pantaleo hakutikisika, jasho likimchuruzika mashavuni. Baadaye Bi Sitara alisema hajui alivyofika pale. Alijikuta tu amesimama kati ya Pantaleo na jiko, mikono ameipanua, kanga imemdondoka mabegani.

"Hashiki!" alipiga kelele. "Jina lililo kwenye karatasi hii si lake! Ulipoandika, alikushikia kalamu? Mshahara wa uongo huu analipwa yeye? Unajua kuna nini hapo juu! Unajua, ndiyo maana umeficha mkono! Mtoto wangu umemwandikia ni salama, huyu unamtuma akafe, na wewe mkono wako unaulaza mfukoni! Mtu gani wewe?"

Pantaleo aliweka mfuko chini. Akaufungua, akatoa globu na msumari. Mbele ya bwana wake, bila kuulizwa na bila kuomba, akachomeka msumari udongoni na kugusisha waya kwenye bati. Globu ikawaka.

Mkaguzi aliitazama globu. Kisha akaenda ukumbini, akachomoa fyuzi zote, akazitia mfukoni, akaichukua ile karatasi mkononi mwa Bi Sitara na kuichana vipande viwili. Hakusema pole. Alimpita Klara kama anavyopitwa mtu aliyesimama kwenye foleni.

Pantaleo alifukuzwa Jumamosi ya wiki ileile. Barua ilisema ametumia vifaa vya ofisi bila ruhusa. Bi Sitara alipopata habari alirudi ofisini, peke yake safari hii, akakuta askari getini. Hakuruhusiwa kuvuka. Alisimama nje akasema yote aliyokuwa nayo, mpaka sauti ikamkauka, na hakuna dirisha lililofunguliwa. Siku hiyo alirudi nyumbani ameshindwa, na alijua ameshindwa.

Kazi ya kutandika waya upya alimpelekea Kishor, fundi mwenye leseni aliyekuwa na duka karibu na Mnazi Mmoja. Aliingia dukani hata salamu hakutoa.

"Kazi utapata kwa sharti moja. Ifanywe na Pantaleo."

"Bi Sitara," Kishor alisema, "huyo fundi nimemtaka miaka mitatu, ofisi hawakuniachia. Sasa unanigombeza nini?"

Walipofungua bomba la zamani, mpira wa waya ulimwagika kama pumba za mahindi. Waya wa ardhini walioutafuta waliukuta nyuma ya bomba la maji, umekatwa na mtu asiyejulikana, zamani. Pantaleo aliweka mpya, akapima kila chumba, akapima jiko, akapima ua, Bi Sitara akimfuata nyuma na kumtaka arudie. Karatasi mpya ilikuja ikiwa na sahihi ndefu ileile. Safari hii yaliyoandikwa yalikuwa kweli, lakini Bi Sitara hakuweza kuitazama. Alimpa Klara aiweke sandukuni.

Klara naye alikuwa akijifunza kushona kwa mkono wa kushoto. Alianza na vitambaa vya kufutia vyombo, mshono ukienda huku na huku kama njia ya panya. Alifumua, akashona, akafumua. Mwezi wa nane alimletea Bi Sitara mto mdogo ulioshonwa pande nne, umenyooka kabisa, akamwekea mapajani huku anacheka.

Bi Sitara aliusifu mto, akaupapasa mshono kwa kidole kutoka pembe hadi pembe. Kisha akaaga kwamba anaenda kuswali, akaingia chumbani, akaegemea mlango alioufunga, akang'ata kanga yake, akalia kwa hasira kwa ajili ya vile vidole viwili.