Diski Aliyoichukua Shemeji

Mama Chapa, kama walivyomwita wanasheria wa ofisini kwake, alikuwa mtu wa kinywa kufuli. Kazi yake ilikuwa kuchapa maelezo ya wanawake waliowakimbia waume zao, pamoja na mahali walikojificha. Hata mumewe hakuwahi kuonjeshwa neno.

Laptopu yake ilipozima ghafla, waranti ikiwa bado hai, aliipeleka mwenyewe kwa fundi wa kampuni, kaikumbatia kama mtoto mgonjwa. Mlangoni mwanamume mmoja mpole alimpokea mkoba, akamwita shemeji kama watu wanavyoitana, akaketi naye kwenye foleni wakipiga soga.

Alipoifuata, laptopu iliwaka vizuri, ila ilikuwa tupu.

“Tumekuwekea diski mpya, mama. Bure kabisa,” fundi alisema.

“Na ile ya zamani?”

“Kwa waranti, kifaa kibovu kinabaki kwetu. Lakini shemeji yako alikuja kuiomba, nikaona nimsaidie.”

Fundi alikuwa na roho nzuri, na roho nzuri nyingine ni balaa.

“Shemeji gani?”

“Si yule mpole uliyekuja naye?”

Mama Chapa alishika ukingo wa kaunta. “Lakini diski ilikuwa imekufa,” alisema, kama anayeomba.

“Haikufa yote, mama.” Fundi alitabasamu, kajaa fahari ya kazi yake. “Mwenyewe alitaka faili moja tu, lile la anwani. Nikahangaika nalo mpaka likafunguka. Alinishukuru sana, akaondoka mbio.”