Mzee Anataka Nimsomee Mshale wa Gesi

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni nyanya wa miaka sitini na saba, shule niliacha darasa la tatu, na nimelea watoto hapa Lodwar bila kuomba jirani hata chumvi. Tulitoka Bungoma, mzee wangu akiwa fundi wa kukata na kuchomelea vyuma. Madereva wa malori wa barabara hii wote wanamjua. Mnaotaka kucheka chekeni sasa mmalize, halafu msome.

Mzee macho yameisha. Msiniambie nimpeleke hospitali, nimempeleka. Daktari alisema moto wa kazi umeyala na hayarudi. Lakini huyo mtu ni mbishi kama punda wa maji. Mwaka jana, 2012, tulienda Kakuma kukata chasisi ya lori lililopinduka. Gesi ilikuwa inaelekea kuisha na nyingine ya Kitale haijafika, basi akafanya ile tabia mbaya ya mafundi wa huku: akautoa mtungi kivulini akauweka juani, eti presha ya iliyobaki ipande. Jua la Kakuma! Kisha akaanza kukaza skrubu ya geji, ile saa ya kupimia presha, gesi itoke kwa nguvu zaidi, huku ametega sikio, kwa sababu mshale haoni.

Fundi mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi akapiga kelele, "Papa, acha! Gesi imepita mstari mwekundu, utatuua!"

"Nilikata vyuma kabla hujazaliwa," mzee akamjibu. "Enda ukazibe sufuria."

Na ni yeye aliyewafundisha vijana kwamba gesi haivuki ule mstari, ikivuka inalipuka, hata chuma kiwe kinene vipi, kwamba ukitaka kukata unaongeza oksijeni. Alijua. Alidhani mshale bado uko chini. Tochi ya kukatia ikalia pa! pa! moto ukarudi ndani, mpira wa gesi ukapasuka. Mkongo ndiye aliyeurukia mtungi akaufunga. Mzee akaungua ndevu na mkono. Mnajua alisema nini? "Mpira ulikuwa umezeeka." Mpira!

Tuliporudi Lodwar nilichukua spana ya kufungulia mitungi nikaificha. Nilidhani nimemwokoa. Sasa miezi inapita, chakula hali, anakonda, anashinda kwenye kiti na geji mapajani akiizungusha. Watu wakipita wanamsalimia kwa Kiturkana, "Ejoka, fundi?" Anawajibu kuwa ni mzima, "Ejok-noi, njooni kesho." Kesho gani? Nikimgombeza hanyanyui hata uso, mwanaume aliyekuwa akinijibu neno kwa neno.

Juzi ndiyo aliongea. "Mama watoto, keti hapa." Nikaketi. "Sibishi tena. Sioni. Wewe uwe macho yangu. Mshale ukikaribia nyekundu, sema basi, nami naachia. Tukiwa wawili tutaweza."

Tangu anioe hajawahi kuniomba kitu, huwa anaagiza. Nikasema sawa. Siku hiyo alimaliza ugali, akauliza kama kuna mwingine.

Alipolala mchana nilichukua ile geji nikatoka nayo kwenye mwanga. Nikaisogeza karibu, nikaiweka mbali. Nikadhani ni vumbi, nikaifuta kwa leso, nikaifuta tena. Namba ni ukungu mtupu. Mshale niliona miwili. Mstari mwekundu sikuuona kabisa.

Hajui. Hakuna anayejua isipokuwa nyinyi. Watoto wako mbali na hawataki kusikia habari ya tochi, na vijana aliowafundisha amewatukana wote, hakuna anayekanyaga hapa. Nikimwambia ukweli, atarudi kwenye kile kiti na hatainuka. Nikinyamaza, Jumatatu tunafungua mtungi, vipofu wawili. Ameshaniomba spana nikampa, anaisugua kutu hapo nje akipiga mluzi.

Nipeni shauri, na msiniandikie "pole nyanya". Pole ninazo za kutosha. Niambieni Jumatatu akiniuliza mshale uko wapi, nimjibu nini.