Ndege Walioruka Bila Sauti

Merrilyn Gorey alifanya kazi katika kituo cha lugha cha Kunarra, chumba kimoja cha bati nyuma ya duka la jumuiya, katikati ya jangwa la Australia. Aliwarekodi wazee na kuziweka sauti zao kwenye tovuti, ili watoto waliohamia mijini wapate kuzisikia.

Bibi yake mzaa baba, ambaye jina lake silitaji, maana hatuwataji waliotutoka bila ruhusa yao, ndiye pekee aliyebaki akiujua wote wimbo wa visima. Ulikuwa wimbo mrefu wa wanawake, nao watoto waliruhusiwa kuusikia. Ulitaja kila chemchemi kutoka vilima vya mashariki hadi ziwa la chumvi, kwa mfuatano ambao mtu angeweza kuufuata kwa miguu asife kiu.

Wimbo ulipokwisha kurekodiwa, Merrilyn alitaka uwekwe kwenye kurasa za kawaida, zilizotengenezwa kwa programu huria ambazo yeyote anaweza kuzifungua, kuzinakili na kuzirekebisha. Lakini alikuja mtengenezaji wa tovuti kutoka mjini na kitu cha kupendeza zaidi: kitabu kilichojifunua chenyewe kwenye kioo cha kompyuta, na kasuku wa kijani wakiruka kutoka kisima hadi kisima huku sauti ikiimba. Ili kukifungua ilihitajika programu ya ziada, mali ya kampuni moja, ambayo hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kuona ndani yake.

"Bibi, hiki ufunguo wake hatuna," Merrilyn alisema. "Siku wakifunga mlango, tutabaki nje."

"We mtoto unapenda vitu vikavu kama mkate wa juzi!" bibi alimjibu, macho yakiwa kwenye kioo. "Mimi nataka ndege waruke. Kisima bila ndege ni shimo tu."

Wanawake wakacheka hadi mbwa wakaamka. Wimbo ulikuwa wa bibi, Merrilyn akakubali. Kanda zenyewe, nakala pekee nje ya kitabu hicho, bibi alizitia katika sanduku lake la nguo.

Bibi alipofariki, nyumba ilifukizwa moshi wa majani na vitu vyake vikachomwa. Hakuna apekuaye sanduku la marehemu, hivyo liliteketea likiwa limefungwa. Merrilyn aliufunika ukurasa wa wimbo kwa picha ya kitambaa cheupe. Sauti isingesikika tena mpaka binti wa marehemu, Shangazi Dulcie, aufungue msiba kwa kutangaza kwamba maombolezo yamekwisha.

Miaka ilipita. Habari zikafika kwamba kampuni ile inaiua programu yake, na kwamba kompyuta zote zitaacha kuipokea. Kuuhamisha wimbo kulihitaji uchezwe wote upya. Merrilyn akaenda kwa shangazi yake, aliyekuwa akibanika mkia wa kangaruu.

"Shangazi, naomba ruhusa nimhamishe bibi kabla hawajafunga."

"Mama yangu hata hajapoa, wewe unataka kumwimbisha?" Dulcie hakugeuka. "Bado."

"Hawatatusubiri, Shangazi."

"Basi waende. Nimesema bado."

Merrilyn alirudi kituoni na hakukigusa kitambaa.

Kilichoharakisha mambo ni figo. Dulcie aliambiwa ahamie mji wa Alice Springs, akasafishwe damu huko, pengine asirudi. Hapo akaufungua msiba. Wanawake walijaa kituoni na watoto wao. Merrilyn akakiondoa kitambaa. Chini yake palikuwa na mraba wa kijivu.

Dulcie alisubiri. "Mbona haimbi?"

"Programu yake imekufa, Shangazi."

"Mashine yako imekufa kabla yangu? Na mimi ndiye mgonjwa!"

Hakuna aliyecheka.

Mtengenezaji alikuwa amekwisha kufunga ofisi, na simu yake haikupokelewa. Merrilyn alipata programu huria iliyoundwa na watu wa kujitolea ili kufufua vitu vya namna hiyo, akaihangaikia majira yote ya baridi. Mwishowe kurasa zilifunuka, kasuku wakaruka kutoka kisima hadi kisima. Sauti ilikuwa imetiwa kufuli ya pekee, nayo haikufunguka.

Dulcie, aliyeletwa nyumbani kwa siku chache, alitazama ndege hadi mwisho.

"Wanamtafuta," alisema. Kisha akamgeukia Merrilyn. "Nilikwambia bado. Ungenikaidi, we!"

"Ningekukaidi vipi, Shangazi?"

"Ndiyo. Ungenikaidi vipi." Akavuta kiti. "Haya, washa chako hicho kikavu."

Aliimba alichokumbuka. Kila alipofika kwenye kisima kilichompotea alinyamaza, akapiga goti kwa kiganja, akaendelea na kilichofuata. Merrilyn aliuacha ukimya huo kama ulivyo. Akauweka wimbo kwenye ukurasa wa kawaida, na nakala katika kila nyumba iliyokubali kuipokea.

"Nikifa nifunike, jina langu mwaweza kulitaja," Dulcie alimwambia wakati wa kuondoka. "Ila usiniache nife mara mbili. Uwe unanichungulia kama bado nipo. Usinisikilize, nichungulie tu."

Sasa kitambaa cheupe kiko juu ya ukurasa wa Dulcie. Mara kwa mara Merrilyn hufunga mlango wa kituo, hunyamazisha spika, na kuifungua faili. Kwenye kioo mstari wa sauti hupanda na kushuka. Panapokosekana kisima hulala chini, na kiganja cha Dulcie huacha alama fupi, kisha mstari hupanda tena. Akiona umefika mwisho, hurudisha kitambaa.